"Faya mmekuja bila maji": nimechoka, leo naandika

Juzi tena. Gari halijasimama vizuri, mi bado nahangaika na mkanda wa maski kidevuni, nasikia jamaa nyuma ya umati anapaza sauti, "hao hao, wamekuja bila maji tena!" na watu wanaitikia kama kibwagizo. Tanki lilikuwa limejaa hadi juu. Nililikagua mwenyewe asubuhi, maana zamu ikibadilishana kitu cha kwanza ni maji, mafuta, pampu, mipira na mitungi ya hewa, na gari likitoka kwenye tukio halilali kabla halijajazwa. Hii kauli nimeisikia kwenye nyumba, kwenye maghala, kwenye moto wa nyasi, hata siku moja kwenye ajali ambayo haikuwa na moto kabisa, tulienda kukata mlango wa gari tumtoe mtu aliyebanwa, na bado mzee mmoja akauliza mbona hamna maji.

Sasa ngoja nieleze taratibu, maana pale barabarani huwa tunarushiana maneno tu na hakuna anayeelewa.

Gari la zimamoto linabeba maji kiasi gani? Yanatofautiana, ila mengi yapo kati ya lita 2,000 na 5,000. Chukua la lita 3,000. Hizo ni ndoo 150 za lita 20, na ni tani tatu za uzito zinazocheza nyuma ya dereva kila akikata kona, ndo maana huwezi kuweka tanki kubwa unavyotaka halafu gari hilo hilo lipite vichochoroni. Mpira wa milimita 45 tunaoingia nao ndani unatoa kama lita 400 kwa dakika, yaani ndoo 20 kila dakika. Ikifunguliwa mipira miwili ni lita 800. Piga hesabu mwenyewe, hata dakika nne hazifiki. Kwa hiyo tumekuja na maji bwana, maji ya dakika nne, na kwa moto wa chumba kimoja hayo yanatosha na kubaki, mara nyingi hata nusu ya tanki hatumalizi. Hayatoshi nyumba nzima iliyoshika mpaka paa kwa sababu simu ilipigwa wakati bati limeshaanza kujikunja.

Halafu kuna zile dakika mbili za mwanzo ambazo ndo zinazaa maneno yote. Tumeshuka, mipira imelala chini imepooza kama nyoka aliyekufa, kamanda wetu anaizunguka nyumba hana haraka, na hakuna tone linalotoka. Umati unaona nini? Unaona hamna maji. Ukweli ni kwamba mpira unavutwa ukiwa mtupu makusudi. Huo wa milimita 45 wenye urefu wa mita 20 ukijaa unashika maji lita thelathini na ushee, ukiunga mitatu una kama kilo mia za maji ndani yake, na ukishajaa unakuwa mgumu kama gogo, kwenye kona ya mlango unajikunja na maji yanakata. Kwa hiyo tunautandaza kwanza mpaka mlangoni, tunapiga magoti, tunavaa maski, ndo tunampa ishara mtu wa pampu afungue. Na kamanda anayezunguka hatembei tu, anatafuta moto uko upande gani, umeme unaingilia wapi, kuna mitungi ya gesi au hamna, kuna dirisha lenye mkono wa mtu au hamna. Akikosea hapo tunaingia mlango wa mbele huku moto uko nyuma na mtoto yuko chumba cha pembeni.

Wengine wanataka tusimame nje tumwage tu juu ya bati ili roho zao zitulie. Maji yaliyopita juu ya bati yanaenda mtaroni, moto uko chini yake unakula dari kwa raha zake. Maji yanazima yakifika kwenye kinachoungua, na wakati mwingine sekunde kumi za maji kupitia dirisha sahihi zinafanya kazi kuliko tanki zima la kumwaga hovyo. Na tafadhali msitunyang'anye mpira. Nimeshanyang'anywa na vijana waliojaa hasira, nawaelewa, nyumba ni ya ndugu yao, ila walifungua nozeli mpaka mwisho, ukawarusha, ukaanza kuchapa watu miguu, na tukapoteza maji ya dakika nzima kuoshea ukuta wa jirani.

Sasa maji yakiisha kweli. Mtu wa pampu anaangalia geji, ikishuka anatutaarifu, tunatoka ndani kabla hayajakatika maana kubaki ndani na mpira mkavu ni kujiua. Hapo ndo umati unapiga makofi ya kejeli, "si tulisema!" Mpango unakuwa gari la pili la kubeba maji lije, au tuunge kwenye haidranti, yaani lile bomba la maji la mtaani la kuungia mipira ya zimamoto. Na haidranti ndo shida yenyewe, unakuta imefunikwa na kifusi, imejengewa ukuta, imeng'olewa koki au kuna gari limepaki juu yake. Siku moja tulihangaika kusukuma gari kutoka kwenye mfuniko wa haidranti, kioo imebidi tuvunje tushushe breki ya mkono, na mwenye gari alikuwa pale pale kwenye umati anarekodi video. Anasema nini kwenye hiyo video? Mnajua.

Na msidhani hili ni letu sisi tusio na vifaa. Januari 2025 kwenye moto mkubwa wa Pacific Palisades, Los Angeles, Marekani, matenki matatu ya maji ya eneo hilo, kila moja linachukua karibu lita milioni 3.8, yalikauka na haidranti za sehemu za juu zikaishiwa presha usiku moto ukiwa umepamba, kwa sababu mfumo wa maji wa mji umetengenezwa kuhudumia moto wa nyumba moja, mbili, tatu, haukutengenezwa kwa mtaa mzima unaowaka kwa mpigo. Na watu walilalamika vile vile, neno kwa neno.

Kinachonikera zaidi ya kelele ni simu. Chumba chenye sofa na godoro la sponji kinaweza kulipuka chote kwa pamoja ndani ya dakika tatu mpaka tano tangu mwali uonekane, joto la darini likifika kama nyuzi 500 au 600 kila kitu kinawaka kwa mkupuo, hata kilicho mbali na moto. Wewe umeona moshi, umempigia shemeji, umempigia mwenye nyumba, umechukua ndoo mbili, umerekodi, ndo unauliza "hivi namba ya faya ni ngapi?" Na wengine wote wamenyamaza kwa kuwa kila mmoja anadhani mwenzake ameshapiga. Piga wewe. Tupigiwe na watu ishirini, hatukasiriki. Sema mahali kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, maana simu inaweza kukatika, kisha kinachoungua, kisha kama kuna mtu ndani. Na ushauri wangu ambao wenzangu kituoni wananicheka nikiurudia: mtu mmoja atoke aende kusimama kwenye njia panda, usiku awe na tochi, atupokee. Huyo mtu mmoja ana faida kuliko kumi wanaopiga kelele mbele ya nyumba, nimeshapita nyumba inayoungua mara mbili nikitafuta "pale kwenye mti".

Haya, tuendelee na mengine, nitajitahidi nisiwake.

"Vunjeni madirisha moshi utoke." Hili nalo linaua. Moto ulio ndani ya chumba kilichofungwa unaweza kuwa umekosa hewa, umelala tu, unafuka. Ule moshi mweusi mzito ni fueli ambayo haijaungua, inasubiri hewa. Ukivunja kioo au ukifungua mlango umeipa. Ukikuta kioo kimekuwa cheusi, kina joto, na moshi kwenye upenyo unatoka na kurudi ndani kama kitu kinapumua, ondoka hapo mlangoni haraka sana, na usimruhusu mtu afungue "achungulie kidogo". Sisi tukifungua tunakuwa na mpira wenye maji mkononi, tumepiga magoti, na tunajua nani yuko nyuma. Na ukikimbia nyumba yako inaungua, watu wote wakishatoka, vuta mlango nyuma yako. Usifunge kwa ufunguo, vuta tu. Nimeingia nyumba ambayo sebule imebaki mkaa mtupu, korido rangi imeyeyuka, halafu chumba cha mwisho ambacho mlango wake wa mbao wa kawaida ulikuwa umefungwa, shuka ziko kitandani na hata rangi yake unaijua. Lala ukiwa umefunga mlango wa chumba. Naona mnabisha, ila hewa ya moto inapita kwanza palipo wazi.

"Moto ndo unaua." Mara nyingi moshi unatangulia. Monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, inashika damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshika, na sponji za magodoro na makochi zikiungua zinatoa pia sianidi, sumu nyingine kali. Mtu aliyelala haamki kukohoa kama kwenye sinema, anazidi kulala. Kwa hiyo kama umeshatoka nje, usirudi kuchukua simu, usirudi kuchukua vyeti. Tambaa wakati wa kutoka, hewa nzuri iko chini.

"Nyie mna mitungi ya oksijeni mnaogopa nini?" Jamani. Ile ni hewa, hewa hii hii ya kawaida iliyoshindiliwa, oksijeni asilimia 21 kama unayovuta hapo ulipo. Kuingia motoni na mtungi wa oksijeni tupu mgongoni ni kwenda kuuchochea. Na haidumu, mtungi unaoitwa wa nusu saa ukipanda ngazi na mpira begani unaweza kuisha ndani ya dakika ishirini, filimbi inalia, unatoka upende usipende. Ukiona mtu katoka ameketi chini anabadilisha mtungi usimwambie mvivu.

Mafuta yakishika kikaangoni watu wanamwaga maji. Usifanye hivyo kabisa. Maji yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke kwa ghafla, lita moja ya maji inakuwa kama lita 1,700 za mvuke, na mafuta yanayowaka yanarushwa mpaka darini. Zima jiko, funika na mfuniko, acha ipoe yenyewe, na usifunue baada ya dakika mbili kuangalia. Nishamaliza hapo.

Moto wa msituni na wa mapori una uongo wake, mkubwa ni kwamba "leteni helikopta iishe". Ndege ikimwaga maji inaupunguza moto kasi, na upepo ukizidi hairuki kabisa, huko Palisades ilibidi zitue kwa muda. Moto wa pori unamalizwa na watu wenye majembe, reki, mapanga na mapipa ya mgongoni, tunakwangua mkanda mpaka udongo mtupu ili moto ufike ukose chakula. Mara nyingine tunachoma wenyewe kutoka kwenye mkanda kwenda kukutana nao, na hapo tunaonekana vichaa, "zimamoto wanaongeza moto!" Aisee nilishatolewa panga na mtu kwa hilo.

Lingine, watu wanakimbilia mlimani. Moto unapanda kilima kwa haraka kuliko wewe, kila mwinuko ukiongezeka nyuzi 10 kasi yake inakaribia kuwa maradufu, kwa sababu ndimi zinalamba na kukausha majani ya juu kabla hazijayafikia. Na nyumba nyingi haziunguzwi na ule ukuta wa moto unaouogopa, zinaunguzwa na cheche zilizoletwa na upepo, zinaweza kuruka zaidi ya kilomita, zikatua kwenye majani makavu yaliyojaa kwenye mfereji wa paa au kwenye kuni ulizopanga ukutani. Safisha huko juu kabla ya kiangazi, kuni zikae mbali na nyumba, basi.

Na mwisho ni hili la "moto umeisha, mbona hamwondoki". Miali imekufa tangu jana, watu wanatukuta tumetawanyika kwenye majivu, tumevua glavu, tunapapasa ardhi kwa mgongo wa kiganja kama tunatafuta pete iliyopotea. Mgongo wa kiganja unahisi joto kabla hujagusa, na ukiungua bado utaweza kushika jembe. Tunatafuta mizizi, maana kisiki kinaweza kufuka chini kwa chini siku nyingi bila moshi wowote. Mwaka jana nilikuta kimoja siku ya nne, juu baridi kabisa, nikachimba kama shubiri mbili hivi, chini chekundu. Nikaita wenzangu walete maji. Kijana aliyekuwa anapita na baiskeli akasimama, akaangalia pipa mgongoni kwangu, akaniuliza, "kwani leo mna maji?"