Imperfecto: njeo ya Kihispania kwa mambo yaliyokuwa yakiendelea

Imperfecto ni njeo ya wakati uliopita inayoeleza jambo lililokuwa likiendelea au likirudiwa, bila kuonyesha lilipoanzia wala lilipokomea. Msemaji wa Kiswahili analo tayari umbo linalokaribiana nayo, kwani anaposema «alikuwa akila», humwona mlaji yuko katikati ya kula, hajui kama alimaliza.

Kuiunda si kazi ngumu. Huondolewa -ar, -er au -ir mwishoni mwa kitenzi, kisha shina huongezewa miisho yake. Hablar, yaani kusema, huwa hablaba, hablabas, hablaba, hablábamos, hablabais, hablaban, kwa mfuatano wa mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi na wao. Vitenzi vya -er na -ir hutumia miisho mingine, iliyo sawa kwa makundi yote mawili: comer, yaani kula, hutoa comía, comías, comía, comíamos, comíais, comían, na vivir, yaani kuishi, hufuata njia hiyohiyo. Alama ya mkazo juu ya í haiachwi katika nafsi yoyote, ilhali kwa vitenzi vya -ar huandikwa katika nafsi ya «sisi» pekee. Kwa kuwa umbo la mimi na la yeye ni moja, yo (mimi), él au ella (yeye, mwanamume au mwanamke) hutajwa pale muktadha usipojitosheleza. Jambo la kumfariji mwanafunzi ni kwamba shina halibadiliki: dormir, yaani kulala, ambacho katika wakati uliopo husema duermo, hapa ni dormía tu, na vitenzi vinavyokiuka kanuni ni vitatu pekee, yaani ser, kuwa (era), ir, kwenda (iba) na ver, kuona (veía).

Ugumu uko katika kuchagua kati ya imperfecto na indefinido, njeo ya tukio lililokamilika. Maelezo kwamba ya kwanza ni ya mambo marefu na ya pili ni ya mambo mafupi yanapotosha. Tunasema Viví diez años en Madrid, «Niliishi Madrid miaka kumi», kwa indefinido, ingawa miaka 10 ni mingi, kwa sababu muda huo umehesabiwa na kufungwa. Lakini Cuando vivía en Madrid, trabajaba en un hotel, «Nilipokuwa nikiishi Madrid, nilikuwa nikifanya kazi hotelini», hutuweka ndani ya kipindi hicho, kikiwa bado wazi. Katika Comíamos cuando llegó Ana, «Tulikuwa tukila Ana alipofika», kula ni hali iliyokuwapo na kufika ni tukio lililoingia ndani yake. Umri na saa za wakati uliopita navyo hutajwa kwa imperfecto: Tenía ocho años, «Nilikuwa na miaka minane»; Eran las tres, «Ilikuwa saa tatu» kwa hesabu yao, ambayo kwetu ni saa tisa.

Pa kuangalia zaidi ni kitenzi saber, yaani kujua, kwa sababu «nilijua» ya Kiswahili hubeba maana mbili ambazo Kihispania huzitenga: sabía ni kwamba ujuzi nilikuwa nao tayari, na supe ni kwamba ndipo nilipopata habari.