Ruzuku ya sanaa ikiisha, shule ya kijijini inabaki na nini?

Kila andiko la kuomba ruzuku lina kipengele cha uendelevu, na waandishi wengi hukijaza usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Utakuta humo maneno yale yale: jamii itahamasishwa, wadau wapya watatafutwa. Kazi yangu ni kuzishauri shule za msingi za vijijini kuhusu programu za sanaa, na nikipewa faili la mradi huruka kipengele hicho nikaenda moja kwa moja kwenye jedwali la bajeti.

Nikikuta sehemu kubwa ya fedha inamlipa msanii mgeni, nauli yake na malazi yake, najua programu itaondoka naye. Si kwamba msanii hafai. Tatizo ni umbali na uchache wa watoto: gharama ya safari ile ile ambayo mjini inagawanywa kwa wanafunzi mia kadhaa, kijijini inabebwa na madarasa mawili matatu. Mfadhili anayefuata akiona gharama kwa kila mtoto, anafunga faili.

Kwa hiyo msanii alipwe kwanza kumjenga mwalimu wa darasa, na amjenge hapo hapo mbele ya watoto wake. Muhula wa kwanza msanii anaongoza, wa pili wanafundisha pamoja, wa tatu mwalimu anaongoza na msanii anakaa nyuma na daftari. Walimu wengi wataanza kwa kusema hawajui kuimba. Sawa, waanze na mdundo. Mwalimu anapiga makofi mapigo manne, darasa linajibu. Likishazoea, pigo la tatu linaachwa kimya, na hapo utaona nani anasikiliza na nani anafuata mkumbo. Zoezi hilo halihitaji ala, na kesho yake mwalimu anaweza kulitumia kugawa maneno kwa silabi. Sanaa ikishaingia kwenye somo ambalo mwalimu analifundisha kila siku, haingoji tena fedha za mtu.

Hili limejaribiwa kwa mapana. Mwaka 1995, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, taasisi ya Thomas S. Kenan Institute for the Arts ilianzisha A+ Schools, mpango wa kufundisha masomo yote kupitia sanaa, kwa kuanza na shule 25. Waliopelekwa mafunzoni wakati wa kiangazi walikuwa walimu wa shule nzima pamoja na mkuu wao, wa hisabati kwa wa muziki. Baadaye Oklahoma nayo ikaanzisha mtandao wake. Utah walipita njia nyingine: fedha za mfadhili, Beverley Taylor Sorenson, zilitangulia, na mwaka 2008 bunge la jimbo likaanza kutenga fedha za umma kwa ajili ya walimu wa sanaa katika shule za msingi. Mimi naipenda njia hiyo ya pili zaidi, ila inahitaji mtu wa kugonga milango ya wanasiasa, na shule ndogo mara nyingi haina mtu huyo.

Vifaa navyo vina mitego yake. Tanuri la umeme la kuchomea vyungu linapendeza kwenye ripoti. Lakini waya zake za joto huchakaa, bili ya umeme hupanda, na fundi wake yuko mbali. Nimeshaona tanuri likigeuzwa rafu ya vitabu. Filimbi za plastiki hazimvutii mpiga picha, lakini zinataka maji na sabuni tu. Kabla ya kununua chochote, uliza kitakula nini mwaka wa nne, ruzuku ikiwa imeisha.

Halafu kuna bajeti ya shule yenyewe. Tangu mwaka wa kwanza, wakati ruzuku bado nono, sanaa iwe na fungu lake humo, hata kama ni la kununulia karatasi na rangi tu. Mhasibu huongeza fungu lililopo kwa urahisi kuliko kufungua jipya. Kipindi nacho kiandikwe kwenye ratiba rasmi, asubuhi ikiwezekana. Kikiachwa Ijumaa mchana, mikutano na mitihani itakimeza. Mwalimu mkuu akihamishwa, anayekuja atarithi ratiba na bajeti. Shauku ya aliyetangulia hatairithi.

Mwisho, someni mkataba kabla ya kusaini. Angalieni ala ni mali ya nani mradi ukifungwa, maana baadhi ya wafadhili hubaki na haki ya kuzichukua. Na kama fedha zitabaki kwa sababu mafunzo yalichelewa, ombeni kuongezewa muda bila fedha mpya. Wafadhili wengi hukubali, mradi barua iwafikie kabla ya tarehe ya mwisho, ikiwa na ratiba mpya na jina la mwalimu atakayeongoza vipindi.