Chembe chini ya chupa ya mvinyo wa Dodoma si sukari

Upo ujumbe unaozungushwa miaka nenda miaka rudi katika makundi sogozi, ukidai kwamba tangu kiwanda cha umma cha mvinyo Dodoma kilipoishia mikononi mwa watu binafsi, zabibu ziliachwa na chupa hujazwa maji, rangi na sukari. Ushahidi wake ni picha ya chembe zinazong'aa kwenye kitako cha chupa.

Chembe hizo ni chumvi ya asidi ya tatariki, asidi ambayo zabibu inayo kwa wingi kuliko matunda mengi (ukwaju nao unayo), na ambayo huganda na kutuama mvinyo unapokaa kwenye baridi. Ziweke kijikoni, uzitie maji baridi na kukoroga: sukari ingeyeyuka mara moja, ilhali hizi hubaki zikikwaruza kijiko.

Mkanganyiko unaeleweka. Mizabibu iliyoletwa na wamisionari kabla ya uhuru bado huvunwa mara mbili kwa mwaka, lakini wamiliki na lebo vimebadilika, na wasindikaji wadogo huuza mvinyo kwa jumla kwa wajazaji wa kwingine, hivyo anwani ya Dar es Salaam kwenye chupa haimaanishi kwamba zabibu si za Dodoma. Tena madukani vimo vinywaji vya rozela na ndizi vinavyoitwa mvinyo vilevile. Soma orodha ya viambato. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze, kwani mkulima wa zabibu wa Hombolo, huko Dodoma, ndiye anayekosa mnunuzi.