Jua la bahari na macho yetu hapa Lamu: maswali mnayoniuliza

Wiki hii wamekuja wavuvi wengi kliniki ya macho na maswali ni yale yale, nikaona niyajibu hapa kwa pamoja manake jicho halina spea.

Jua litaniharibu vipi macho na mimi silitazami?

Mwangaza ni mawimbi ya sumakuumeme, yanatoka juani yanafika kwetu kwa kama dakika 8, na hayalingani urefu. Wimbi la redio ya FM, nalo ni la jamii hiyo hiyo, ni kama mita 3. Yale jicho linayoyaona ni madogo mno, kuanzia nanomita 400 hivi, zambarau, mpaka 700, nyekundu, na milimita moja ni nanomita milioni. Chini ya 400 ndio kuna urujuanimno, wengi tunaita yuvii, haionekani wala haina joto la kulisikia, na wimbi likizidi kuwa fupi ndio linazidi nguvu ya kuvunja vitu mwilini. Lile joto la ngozini ni mawimbi mengine. Ndio maana kusi likivuma mtu anasema leo jua halina makali, anashinda mashuani kutwa, kumbe upepo haupunguzi yuvii, alafu nyingine inaruka kwenye maji na mchanga mweupe wa Shela inamuingia kwa chini.

Nina kinyama jichoni upande wa pua, ndio hiyo yuvii?

Inachangia sana, pamoja na upepo na vumbi. Nahodha mmoja alivua miwani mbele yangu, nikaona kinyama chembamba kama ubawa wa panzi, kina vijimishipa vyekundu, kimeshapanda juu ya weusi wa jicho. Si kansa. Lakini kikikaribia mboni kinaziba kuona, hapo ni upasuaji, na hata kikitolewa kinaweza kurudi. Tafadhalini msitie asali wala dawa ya jirani, njooni kipimwe mapema.

Miwani nyeusi ya bei rahisi si inatosha?

Hapa ndio watu wanaumia, na huyo nahodha alikuwa na miwani nyeusi tii! Weusi wa kioo unapunguza mwangaza unaouona, hausemi chochote kuhusu yuvii. Na ukiwa gizani mboni inapanuka, si ndio, sasa kioo kikiwa cheusi na hakina kinga, mboni iko wazi na yuvii inaingia mpaka kwenye lenzi ya jicho, huko ndiko inakosaidia kuleta mtoto wa jicho. Tafuta iliyoandikwa UV400, maana yake inazuia mpaka nanomita 400. Stika mtu yeyote anabandika kwa hiyo ilete kwa mtaalamu mwenye kipimo, ni dakika moja tu. Hata miwani isiyo na rangi kabisa inaweza kuwa na kinga hiyo.

Saa ngapi jua ni baya zaidi?

Tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, yuvii ni kali, yaani kuanzia kama saa tatu asubuhi mpaka karibu na alasiri, na sisi kivuli cha alasiri tunakijua tangu chuo cha Kurani. Mawingu mepesi yasikudanganye, inapita.

Na mnara wa simu?

Hayo ni mawimbi marefu, ya sentimita nyingi, hayana nguvu ya kuvunja chembechembe za mwili kama yuvii. Mimi ningekuwa na wasiwasi na jua kwanza.

Mwanangu ana miaka saba, anashinda ufuoni, nimvishe miwani?

Mvishe ikiwa atakubali kukaa nayo, manake lenzi ya jicho la mtoto bado safi sana, inapitisha yuvii nyingi kuliko yetu. Akikataa, mtafutie pama la ukili, yaani kofia yenye ukingo mpana, lile wanaloshona kina mama hapa hapa, na mchezo wa majini uwe baada ya alasiri.