Vali za moyo na upasuaji wa tundu dogo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Siku hizi vali ya moyo inaweza kutengenezwa bila kupasua kifua wala kuusimamisha moyo. Habari hiyo imeenea kwa kasi kuliko maelezo yake. Kuna mgonjwa anayefika kwa daktari akitaka awekewe "ile klipu", yaani kibanio kidogo cha vali, leo leo, na kuna mwingine anayeapa kwamba hizo ni mbinu za kumliwaza mtu aliyeshindikana. Wote wawili wameruka swali la kwanza: ni vali ipi, na inaumwa nini?

"Kifaa ni kimoja, vali yoyote inatibika nacho"

Hii ndiyo dhana inayopoteza watu wengi zaidi. Moyo una vali nne, na vali huharibika kwa namna mbili kuu: ama haifungi vizuri, damu ikarudi ilikotoka, ama haifunguki vizuri, damu ikapita kwa taabu. Dawa ya moja inaweza kuwa sumu ya nyingine.

Chukua klipu ya vali ya mitrali, ile iliyo kati ya chemba ya juu na ya chini upande wa kushoto. Mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi. Katheta, yaani mrija mwembamba unaopindika, huingizwa kwenye mshipa wa kinena, hupanda hadi chemba ya juu ya kulia, kisha daktari hutoboa ukuta mwembamba unaotenganisha chemba za juu ili aingie upande wa kushoto. Anaongozwa na eksirei pamoja na picha za mawimbi ya sauti, kutoka kwenye kipimo kilichopitishwa kwenye umio. Akifika juu ya vali hufungua mikono miwili ya klipu, husubiri vipande viwili laini vya vali viikalie, kisha huifunga. Vipande hivyo hushikana katikati, na damu hubaki ikipita kwenye matundu mawili ya pembeni.

Wazo hilo halikuanza na katheta. Daktari wa upasuaji wa Italia, Ottavio Alfieri, alikuwa akishona vipande hivyo pamoja kwa uzi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kifua kikiwa wazi. Klipu ya kwanza kwa binadamu iliwekwa mwaka 2003. Kinachonivutia mimi ni hatua ya mwisho: kwa kuwa moyo unaendelea kudunda, daktari huona pale pale kama uvujaji umepungua. Asiporidhika, huifungua klipu na kuishika vali upya, au huitoa kabisa kabla hajaiachia.

Sasa mpe klipu hiyo mtu ambaye mitrali yake imesinyaa. Utakuwa umebana mlango ambao tayari haupitiki.

Mgonjwa wa namna hiyo, ambaye mara nyingi vali yake iliharibiwa na homa ya rumatiki utotoni, anahitaji kitu kingine: puto. Kanji Inoue wa Japani alichapisha njia hiyo mwaka 1984, miaka mingi kabla ya klipu, ingawa puto halipati sifa kama vifaa vipya. Puto hupitishwa hadi kwenye vali, hujazwa kimiminika, na kingo zilizogandamana huachana. Hakuna kinachobaki mwilini. Lakini nalo lina masharti yake. Kama vali inavuja sana, au kuna damu iliyoganda kwenye chemba ya juu ya kushoto, halifai. Na likipasua mahali pasipotakiwa, vali iliyokuwa imebana hugeuka kuwa vali inayovuja.

"Vali mpya ya katheta ni ya wazee waliokataliwa upasuaji"

Ilianza hivyo, ni kweli. Mwezi Aprili 2002, huko Rouen nchini Ufaransa, daktari Alain Cribier alimwekea vali ya aota, ile iliyo kwenye mlango wa mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni, kwa katheta mgonjwa wa miaka 57 ambaye hakuna daktari aliyethubutu kumpasua. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti wa wagonjwa wasioweza kufanyiwa upasuaji: baada ya mwaka mmoja, waliofariki walikuwa asilimia 30.7 kati ya waliowekewa vali, na asilimia 50.7 kati ya waliobaki na matibabu ya kawaida. Kufikia 2019 tafiti zilikuwa zimewafikia hata watu ambao wangeweza kupasuliwa bila hatari kubwa, na njia ya katheta haikuachwa nyuma.

Hata hivyo, umri bado una uzito. Vali hizi hutengenezwa kwa utando wa moyo wa ng'ombe au nguruwe, uliofungwa kwenye fremu ya metali, na utando huo huchakaa. Mtu mwenye miongo mingi mbele yake ana hesabu tofauti na mzee wa miaka 80, na mara nyingi kwake upasuaji wa kawaida ndio huanza kufikiriwa.

"Kifua hakikupasuliwa, basi hakuna hatari"

Tundu ni dogo, lakini kazi inafanyika ndani ya moyo. Mshipa wa kinena unaweza kuvuja damu. Kipande cha chokaa iliyojijenga kwenye vali, au cha damu iliyoganda, kinaweza kwenda ubongoni kikaleta kiharusi. Njia ya umeme wa moyo hupita karibu sana na vali ya aota. Fremu ikiibana, mapigo hushuka na mgonjwa huishia kuwekewa betri ya moyo. Klipu nayo inaweza kuachia upande mmoja. Ninashangaa jinsi mambo haya yanavyotajwa kwa sauti ya chini, ilhali mgonjwa akiyajua mapema hujiandaa vizuri zaidi.

"Kikishawekwa, dawa basi"

Mwaka 2018 zilitoka tafiti mbili kuhusu klipu kwa watu ambao mitrali inavuja kwa sababu moyo wenyewe umetanuka na kuchoka. Ile iliyoitwa COAPT ilionyesha vifo na kulazwa vikipungua. Ya Ufaransa, MITRA-FR, haikuona tofauti. Wataalamu wamebishana sana juu ya sababu. Wengi hutaja kwamba katika COAPT wagonjwa walipangiwa kwanza dawa za moyo kwa kiwango cha juu wanachoweza kuvumilia, na ukubwa wa uvujaji ulikuwa umezidi ule wa kutanuka kwa moyo wenyewe. Klipu haiponyeshi msuli wa moyo. Anayeacha dawa baada ya kuwekewa anaurudisha ugonjwa kwa mlango wa nyuma.

Yale madogo madogo

Mashine za ukaguzi za uwanja wa ndege hazidhuru vifaa hivi. Kipimo cha MRI huwezekana kwa vingi kati yake, kwa masharti yaliyoandikwa kwenye kadi ya kifaa, kwa hiyo kadi hiyo itunzwe. Na daktari wa meno aambiwe kabla hajagusa ufizi: mwenye vali ya bandia au klipu hupewa antibiotiki kabla ya kung'olewa jino, maana bakteria wa mdomoni wakiingia kwenye damu wanaweza kujishikiza hapo.