Metroni hakuuawa na mbio, na magoti hayana mafuta ya kuisha

Jumamosi tulimzika Metroni, muuguzi wa miaka mingi, kihambani kwake, kati ya migomba na mibuni. Vijana walikuwa bado wana udongo mikononi nilipomsikia mtu nyuma yangu, chini ya turubai: "Zile mbio ndizo zilizommaliza. Bibi mzima, magoti yameisha mafuta, bado anakimbia tu." Kwenye foleni ya chakula nikayasikia tena maneno yaleyale, safari hii kutoka kwa mhudumu wa afya mwenzangu. Sikujibu, kwa sababu msibani si mahali pa kubishana. Najibu hapa.

Metroni alikufa kwa saratani ya kongosho. Watoto wake walilisema wazi kanisani. Mbio hazihusiki. Magoti yake nayajua, kwa sababu mimi ndiye mtaalamu wa fiziotherapia niliyeyashika kwa miaka saba.

Tuanze na hayo mafuta, maana nayasikia kila siku kliniki na yamenichosha. Goti si injini ya pikipiki. Ndani yake kuna ute, na ute huo hutengenezwa na utando wa kiungo chenyewe mchana na usiku, hadi siku ya kufa. Katika goti zima haujazi hata kijiko cha chai. Goti lililosagika kwa kawaida haliwi kavu. Mara nyingi linajaa maji kupita kiasi, ndiyo maana linavimba na daktari anayavuta kwa bomba la sindano. Sasa niambie mafuta yameisha wapi. Na bamia, wanayosema inarudisha ute gotini? Kuleni bamia, ni mboga nzuri. Lakini ule mlenda unaishia tumboni, hauna njia ya kushuka gotini. Kuna mama alikuja kwangu baada ya miezi minane ya kunywa maji ya bamia kila asubuhi. Alikuwa hajafanya zoezi hata moja, na paja lake lilikuwa limenywea likawa jembamba kama la mtoto wa darasa la tano. Miezi minane! Hilo ndilo linalonikasirisha. Bamia yenyewe haina madhara, ila inamla mtu muda ambao angeutumia kuimarisha msuli wa paja.

Kinachosagika ni gegedu, ule utando mgumu na laini unaofunika ncha za mifupa ndani ya goti. Gegedu halina mishipa ya damu. Linapata lishe yake kutoka kwenye ule ute, kwa kubanwa na kuachiwa, kubanwa na kuachiwa, kama sponji. Mwendo ndio unaolilisha. Kukaa kwenye kochi hakulitunzi.

Uchambuzi mmoja wa mwaka 2017 ulikusanya tafiti nyingi kuhusu kusagika kwa magoti na nyonga. Kwa wanaokimbia kwa ajili ya afya na kujifurahisha, tatizo lilionekana kwa asilimia 3.5, kwa wasiokimbia, asilimia 10.2, kwa wakimbiaji wa mashindano makubwa, 13.3. Nazipenda takwimu hizi, lakini nisiseme uongo: zina tundu. Mtu ambaye goti lake linauma huacha kukimbia, kwa hiyo ukiwahesabu wakimbiaji, unawahesabu wale ambao magoti yao yalikuwa mazima tangu mwanzo. Kwa hiyo sisemi kwamba mbio zinatibu magoti. Ninachosema ni kwamba hakuna ushahidi kwamba mbio za kadiri zinayala.

Wapo wanaonitajia goti la John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968 akichechemea. Lile liliumia kwa kuanguka. Na mwaka 1970 mtu huyohuyo alikimbia marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, akamaliza wa tano.

Basi magoti ya Metroni yaliumizwa na nini? Kazi. Miaka 34 ya uuguzi, sehemu kubwa wodi ya mifupa: sakafu ya saruji, zamu za usiku, kumgeuza mgonjwa aliyelala kila saa mbili ili asipate vidonda vya mgandamizo, kuchuchumaa kufunga mfuko wa mkojo, kuinuka, kwenda kitanda kinachofuata. Mgonjwa wa kilo 80 huinuliwa na wauguzi wawili, siku nyingine mmoja. Kuinua mizigo na kupiga magoti kazini kunajulikana kabisa kuwa chanzo cha kusagika, pamoja na uzito, umri, kuumia zamani na urithi. Chini ya turubai hakuna aliyesema uuguzi ulimharibu magoti. Akikimbia bibi ndiyo inakuwa habari.

Mimi mwenyewe nilimkosea. Alipokuja mara ya kwanza, akiwa na miaka 60, nilimwambia apumzike wiki sita. Alirudi goti likiwa bovu zaidi na kilo tatu juu. Kila kilo moja mwilini ni kama kilo nne gotini kwa kila hatua, na mimi ndiye niliyemwongezea hizo tatu. Aliniambia, "Mwanangu, umenilaza. Mgonjwa halazwi bila sababu." Tukaanza upya: mazoezi ya paja, kutembea, dakika moja ya mbio, kutembea tena. Alipima mapigo yake mwenyewe, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, macho kwenye ile saa ya manesi iliyoning'inia kifuani kichwa chini. Baada ya miezi kumi na minne alikimbia kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon. Kupandisha Mweka hakukumsumbua. Kuteremka ndiko kulikomuuma, na hilo ni kawaida, mteremko hulibana goti kuliko mlima.

Kipimo chetu kilikuwa kigoda. Mikono kifuani, unainuka na kukaa kwa sekunde 30. Kipimo rasmi hutumia kiti cha kawaida; kigoda kiko chini zaidi, lakini yeye ndiye aliyekitaka, kwa sababu alikalia kigoda akipika na aliinuka kutoka hapo akiwa na mjukuu mgongoni. Kwenye kiti, mwanamke wa miaka 65 hadi 69 akipungua mara 11 tunaanza kuwa na wasiwasi. Metroni kwenye kigoda alifikisha 17.

Mara ya mwisho alikuja Aprili, amekonda, macho yameanza unjano. Mjukuu wake wa miaka sita ndiye aliyehesabu, kwa sauti, huku akirukaruka. Sekunde zilipoisha akapiga kelele, "Kumi na tano, bibi!" Nikashika kalamu niandike.

Metroni alikuwa bado anahema. Alimvuta mtoto akamkumbatia, akanitazama juu ya kichwa chake.

"Kumi na nne," alisema. "Andika kumi na nne."