Zuio la seneta: namna mtu mmoja anavyoweza kumkwamisha balozi

Rais wa Marekani akimteua balozi, jina hilo hubaki pendekezo mpaka Baraza la Seneti liliidhinishe. Ndivyo Katiba yao inavyotaka. Mteule huhojiwa kwanza na Kamati ya Mambo ya Nje, kamati ikaridhia, kisha jina likaingia kwenye orodha ya kusubiri Seneti nzima. Hapo ndipo wengi hukwama, na mara nyingi anayewakwamisha ni mtu mmoja.

Zuio la seneta ni taarifa anayompa kiongozi wa chama chake kwamba hatakubali jina fulani lipite kwa njia ya mkato. Halimo kwenye Katiba. Limezaliwa na mazoea. Nguvu yake inatokana na wingi wa majina. Yakipigiwa kura moja moja, siku hazitoshi. Kwa hiyo seneta husimama na kuomba jina lipite bila pingamizi, mwenyekiti anauliza kama kuna anayepinga, ukumbi ukiwa kimya basi, balozi kapatikana. Akitokea mmoja akasema "napinga", njia hiyo imefungwa.

Mteule hajakataliwa. Kiongozi wa walio wengi bado anaweza kuleta hoja ya kufunga mjadala, asubiri, kura ipigwe, saa za mjadala zipite, kisha kura nyingine. Tangu 2013 wingi wa kawaida unatosha kufunga mjadala wa uteuzi wa namna hii, kwa hiyo kura zipo. Kinachopungua ni muda, na muda wa Seneti ndio anaouteka mwenye zuio.

Cha ajabu ni kwamba mteule mwenyewe huwa hana kosa. Mwaka 2021 seneta Ted Cruz wa Texas alizuia makumi ya wateule wa Wizara ya Mambo ya Nje. Hakuwa na ugomvi nao. Alitaka serikali ya Biden iweke vikwazo dhidi ya Nord Stream 2, bomba la gesi la kutoka Urusi hadi Ujerumani. Desemba wakaafikiana: yeye awaachie wateule, naye apewe kura ya vikwazo. Usiku ule ule wa manane mabalozi wengi wakapitishwa kwa mafungu, na Rahm Emanuel aliyekwenda Japani akapitishwa kwa kura yake mwenyewe. Kura ya vikwazo ilipofika Januari 2022, waliounga mkono walikuwa 55 na zilihitajika 60. Cruz alishindwa hoja yake, ila alikwisha kuilazimisha Seneti nzima ipige kura juu yake, na kwa seneta mmoja hilo si haba.

Zamani anayezuia aliweza kujificha; mwaka 2011 Seneti ilipitisha azimio la kuondoa usiri huo.

Balozi akichelewa, ubalozi huongozwa na kaimu, kwa kawaida mwanadiplomasia mzoefu. Kazi zinaendelea, ila uzito wake mbele ya serikali mwenyeji si ule ule. Dar es Salaam ilikaa na makaimu tangu mwishoni mwa 2016 hadi 2020. Tusilisingizie zuio, hata hivyo: safari ile Ikulu ya Marekani yenyewe ilichelewa mno kuteua mtu.

Februari 2025 seneta Brian Schatz wa Hawaii alitangaza kuwazuia wateule wa Wizara ya Mambo ya Nje kwa sababu ya kuvunjwa kwa USAID, shirika la misaada la Marekani. Wenzake wa Democratic nao wakakaza kwenye teuzi nyingine. Septemba, Republican wakabadili utaratibu ili majina mengi yapite kwa kura moja, na tarehe 18 wakapitisha 48 kwa mkupuo, akiwemo Kimberly Guilfoyle aliyekwenda Ugiriki. Majaji na mawaziri hawamo katika utaratibu huo. Wao bado hupigiwa kura mmoja mmoja.